Katamarani Kigoma: dalili, chanzo na dawa kwa anayeanza

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye hajawahi kushika kamba ya tanga, amepata katamarani ndogo ya faiba, yaani chombo cha tanga chenye bodi mbili (miili miwili inayoelea sambamba), na sasa imelala mchangani Kigoma ikitazama Ziwa Tanganyika. Vipimo tunavyotumia ni vya Hobie 16, kwa sababu ndiyo iliyoenea zaidi katika daraja lake: urefu mita 5.04, upana mita 2.41, uzito kilo 145 hivi, tanga kuu na tanga dogo la mbele, haina mkuku (uti wa chini wa chombo) wala ubao wa kushusha chini. Kama yako ni ya aina nyingine, namba zitapishana. Dalili ni zilezile.

Wavuvi wa hapa hawashangai chombo cha bodi mbili. Wanaovua dagaa kwa karabai hufunga vyombo sambamba kwa miti ili wavu ushuke na kupanda katikati. Ila vyombo vyao ni vizito, na kitu kizito kikishika mwendo hakiuachi upesi. Katamarani ya faiba ni nyepesi kuliko pikipiki kubwa na ina upana wa kitanda na nusu. Ukikosea kidogo inasimama palepale, na ikisimama usukani haufanyi kazi, maana usukani ni maji yanayopita. Shika hilo, kwa sababu theluthi mbili ya matatizo yaliyo hapa chini ni hilohilo likijitokeza kwa sura tofauti.

Maneno machache kwanza, mengi ya pwani, yaliyofika Ujiji zamani na majahazi. Omo ni mbele, tezi ni nyuma. Joshi ni upande unakotoka upepo, demani ni upande unakokwenda. Kana ni mkono wa usukani. Henza ni kamba ya kupandishia tanga. Kamba unayoshika muda wote kuvuta na kulegeza tanga kuu, hapa tutaiita kamba ya tanga, basi.

Kabla ya dalili yoyote: upepo wa saa hii unakwenda wapi?

Kigoma iko ufuko wa mashariki. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, kwa hiyo alfajiri na asubuhi mapema upepo hushuka kutoka milimani kwenda ziwani. Jua likishapanda unakatika, maji yanalala kama mafuta kwa muda, halafu mchana upepo wa ziwani unaanza kuingia kuelekea ufukweni. Anayeanza huipenda asubuhi kwa sababu maji ya ukingoni yametulia. Ndiyo saa mbaya kuliko zote. Utulivu ule ni kivuli cha vilima. Ukitoka mita mia chache unakutana na upepo wenyewe, nao unakusukuma upande wa Kongo, na ziwa hapa lina upana wa kilomita hamsini hivi.

Kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, pepo za kusini-mashariki huwa na nguvu zaidi, na kivuli cha vilima hudanganya zaidi. Masika hatari ni nyingine: wingu jeusi lenye radi hutanguliwa na mkupuo wa ghafla wa upepo baridi. Mlingoti wako ni wa alumini, una mita nane, na wewe ndiye kitu kirefu kuliko vyote juu ya maji. Ukisikia ngurumo, rudi. Usingoje kuhesabu sekunde.

Kwa siku kumi za mwanzo toka mchana tu, upepo ukiingia ufukweni, ukiwa kati ya kilomita 12 na 20 kwa saa. Huna kipimo? Angalia maji: mikunjo midogo bila povu ni sawa, povu jeupe likianza kuonekana kwenye vichwa vya mawimbi hapa na pale, umefika mwisho wako, likitapakaa kila mahali, baki mchangani upange kamba. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa hutaja hali ya Ziwa Tanganyika, usome. Halafu muulize mtu wa mwalo, kwa adabu zake: "Shikamoo mzee, leo upepo unaamkaje?" Jibu lake huwa fupi, nalo huwa la saa hiyo na la mahali hapo.

Nanga isikupe moyo. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 pale penye kina kirefu kabisa, na hata karibu na Kigoma sakafu huporomoka haraka. Kamba ya mita 30 inakushika ukingoni tu. Kinachokurudisha nyumbani ni kasia lililofungwa juu ya chombo, simu ndani ya mfuko usioingiza maji, filimbi, na jaketi okozi mwilini, lisiwe limefungwa kwenye nguzo ya chombo, ile miti ya mbele na nyuma inayounganisha bodi mbili.

Tanga halipandi, au limepanda likakwama njiani

Chanzo cha kwanza: chombo hakikuelekezwa kwenye upepo. Upepo ukilijaza tanga likiwa nusu, msuguano kwenye mfereji wa mlingoti unashinda mikono yako. Geuza omo itazame upepo kabisa, legeza kamba ya tanga mpaka iwe huru, ndipo uvute henza.

Ikiwa omo iko sawa na bado linakataa, pitisha kidole kwenye mfereji. Mchanga wa Kigoma una chembe kubwa, na chembe tatu zinatosha. Suuza kwa maji ya ziwa, hayana chumvi. Kisha paka mshumaa mkavu kwenye ukingo wa tanga unaoingia mferejini, kuanzia juu mpaka chini. Usipake grisi wala mafuta ya kula, yatakamata mchanga zaidi wiki ijayo.

Bado? Angalia fito za tanga. Fito ikikazwa kupita kiasi hulipinda tanga likang'ang'ania mlingoti. Kaza mpaka mikunjo ya kusimama ipotee, uishie hapo.

Neno moja kabla ya kuinua mlingoti wenyewe: tazama juu. Nyaya za umeme zinazopita karibu na fukwe na barabara za kushukia ziwani ndizo zilizoua mabaharia wa vyombo hivi katika nchi nyingi. Inueni watu watatu, mmoja kwenye kitako cha mlingoti, mmoja akisukuma, mmoja akivuta waya wa mbele, wote mkiwa mmeshahakikisha hakuna waya angani, pale mnapoinua na njia nzima ya kukisukumia chombo majini.

Tanga linapigapiga na chombo hakiendi

Umeelekeza omo kwenye upepo kupita kiasi. Hakuna chombo cha tanga kinachokwenda moja kwa moja upepo unakotoka. Katamarani ya anayeanza inahitaji nyuzi 50 hivi kila upande. Vuta kana kwako ukiwa umekaa joshi, omo iangukie demani kidogo, na tanga litajaa.

Kosa la pili ni kinyume chake na huonekana kidogo: tanga halipigi kabisa, limetulia kama ubao, lakini chombo kizito na kinateleza ubavu. Umevuta kupita kiasi. Kanuni ya mkono ni hii: legeza mpaka ukingo wa mbele wa tanga uanze kutetemeka, kisha vuta kidogo tu mpaka utulie. Rudia kila dakika mbili, kwa sababu upepo wa ghubani hauishi kubadilika.

Bandika nyuzi za sufi, zenye urefu wa sentimita 20, kwenye tanga dogo la mbele, sentimita 25 hivi nyuma ya ukingo, moja kila upande. Zote mbili zikilala sawa kuelekea nyuma, tanga linafanya kazi. Uzi wa upande wa joshi ukirukaruka, vuta kamba au angusha omo demani. Uzi wa demani ukirukaruka, legeza au panda juu kidogo, yaani omo isogee kuelekea upepo. Kifaa cha shilingi mia hiki kinafundisha kuliko mwalimu mwenye kelele.

Kinakataa kugeuka kupita upepo: omo inafika katikati, inasimama, chombo kinaanza kurudi nyuma

Hili ndilo lalamiko la kila anayeanza, na wengi huamua chombo ni kibovu. Si kibovu. Bodi mbili ndefu hazipendi kuzunguka: ya nje lazima isafiri duara kubwa, ya ndani karibu isimame, na uzito mdogo haubebi mwendo wa kukusukuma katikati ya upepo. Chombo chenye mkuku mzito kingepita kwa nguvu ya uzito wake tu. Wewe unapita kwa utaratibu.

Vyanzo, kwa mpangilio wa jinsi vinavyotokea.

Uliingia bila mwendo. Ulikuwa umeshabana upepo mno, tanga linapigapiga, chombo kinatambaa, ukasema sasa geuka. Angusha omo nyuzi chache, jaza matanga yote mawili, hesabu mpaka kumi na tano chombo kikishika kasi, ndipo uanze.

Ulisukuma kana kwa pupa. Usukani uliolala kabisa upande haugeuzi, ni breki mbili za ubao. Anza taratibu, ongeza kadiri omo inavyozunguka, na usizidi nyuzi 40. Kana ishikwe hapo mpaka umalize. Wengi huirudisha katikati omo ikiwa inatazama upepo, na hapo ndipo kila kitu hufa.

Uliachia tanga dogo mapema. Hili ndilo kosa la kitaalamu zaidi na dawa yake ni tamu. Acha tanga dogo likiwa limefungwa upande ule wa zamani. Omo ikivuka upepo, upepo utalipiga kutoka upande wa pili na kuisukuma omo iendelee kule unakotaka. Ukiona omo imeshaanguka vizuri, ndipo uachie na kulivuta upande mpya.

Tanga kuu lilibaki limekazwa. Tanga kuu liko nyuma, na likijaa husukuma tezi demani na kuirudisha omo kwenye upepo, kama bendera. Mara tu omo inapovuka, legeza kamba ya tanga kama nusu mita, vuka upande wa pili kwa magoti, kaa, ngoja chombo kianze kwenda mbele, kisha vuta tena polepole. Anayeanza huvuta mara moja, kikarudi kilikotoka.

Mzigo ulikuwa nyuma. Watu wawili wakijikunja kwenye tezi, tezi zinazama na kuburuta maji. Kwa kugeuka, sogeeni mbele karibu na mlingoti.

Na ikiwa tayari umekwama, chombo kinarudi nyuma? Usipambane. Kwenye mwendo wa kurudi nyuma usukani hufanya kinyume. Unataka omo iende kulia: sukuma kana kulia na uishike. Wakati huohuo mwenzako alivute tanga dogo kwa mkono lielekee kushoto, upepo ulijaze kinyume na kuisukuma omo kulia. Tanga kuu liwe limelegezwa kabisa. Chombo kitarudi nyuma kwa nusu duara, omo itaanguka, na sekunde chache baadaye mwendo wa nyuma unakufa. Hapo rudisha kana katikati, vuta tanga dogo upande wake, na mwisho kabisa tanga kuu. Fanyeni makusudi mara kumi siku ya upepo mwanana, mita mia kutoka ufukweni. Baada ya hapo hofu ya kukwama inaisha.

Mawimbi yakiwa makali na umejaribu mara mbili bila kufua dafu, zunguka upande wa pili, upepo upite tezini, mradi una nafasi ya mita 40 kuelekea demani na upepo si mkali. Inamisha kichwa. Boriti ya chini ya tanga hupita kwa kasi na haichagui.

Kana ni nzito, mkono unauma, na chombo kinalazimisha kupanda kwenye upepo

Kabla ya kugusa mlingoti, tazama nyuma. Mara nyingi ubao mmoja wa usukani haukushuka mpaka mwisho. Ukiwa umelala nyuma hata kidogo, maji yanausukuma mbali na mhimili wake, na mkono wako ndio unaolipa. Tofauti unaisikia kabla ya kuiona: ubao uliofunga vizuri hutoa mlio mmoja mkavu, *tak*, na kana inakuwa nyepesi papo hapo. Usiposikia mlio, haukufunga.

Kwa nini haufungi? Fungua kichwa cha usukani ufukweni. Ndani kuna kipande cha mviringo kinachozunguka na kipini kinachosukumwa na springi. Mchanga ukijaa chini ya springi, kipini hakishuki. Suuza, mimina maji mpaka yatoke meupe, jaribu kwa mkono mara tano. Kama mchanga haupo na bado kinateleza, kaza skrubu ya springi nusu mzunguko, jaribu, kisha nusu nyingine. Usikaze yote kwa mara moja: ubao lazima uweze kuruka juu ukigonga jiwe au fungu la mchanga, la sivyo utang'oa tezi ya bodi.

Ikiwa mbao zote mbili zimefunga, pima kama ziko sambamba. Chombo kikiwa juu ya magogo, pima umbali kati ya kingo za mbele za mbao mbili, kisha kingo za nyuma. Mbele kunaweza kuwa kudogo kwa milimita 3, si zaidi. Rekebisha kwenye fimbo inayounganisha kana mbili.

Baada ya hayo ndiyo uulize matanga. Tanga kuu likikazwa na tanga dogo likalegea, chombo kitapanda tu. Na mlingoti ulioegemea nyuma mno hufanya hivyohivyo. Sogeza waya wa mbele tundu moja, mlingoti urudi mbele kidogo, ujaribu tena. Tundu moja. Baadaye angalia kila pini ina kipete chake na kila kipete kimezungushiwa tepu, maana pini moja ikichomoka mlingoti mzima unakuja chini.

Sababu ya mwisho ni ya hapahapa: umenasa wavu. Nyavu za kutega huachwa zikielea, alama yake mara nyingi ni dumu la plastiki au chupa. Chombo kimepunguza mwendo ghafla na kana haiendi upande mmoja? Legeza matanga, inua mbao za usukani, vuta wavu kwa mkono utoke. Usikate. Wavu ni ugali wa mtu, na kesho utamhitaji akuvute.

Bodi moja inanyanyuka, au omo ya demani inazama

Ni dalili mbili, na ufukweni huchanganywa kama moja. Ukibisha kuelekea upepo, bodi ya joshi inanyanyuka: legeza kamba ya tanga sentimita 30, au panda juu kidogo kwenye upepo. Hii si hatari sana, na wakongwe huitafuta.

Upepo ukitoka ubavuni au nyuma, hatari ni omo ya demani kuchimba maji. Inaanza kama ndevu nyeupe mbele ya bodi, kisha maji yanapanda juu ya bodi, kisha bodi inasimama kama imeshikwa na tezi inaendelea. Chombo kinabingirika kwa pua na nyinyi mnarushwa mbele, kwenye waya. Ukiona ndevu tu, rudini nyuma wote, mpaka kona ya tezi, na kulegeza kuanze na tanga dogo kisha kubwa. Usipande kwenye upepo wakati huo. Mwendo wa kuzunguka huongeza msukumo kwenye omo ileile inayozama. Jambo linaloumiza wengi ni kuishika kamba kwa kuifunga. Kwa miezi yote ya mwanzo kamba ya tanga kuu ikae mkononi, isikae kwenye meno ya kishikio.

Kimepinduka

Kitapinduka. Panga kipinduke mara ya kwanza kwa hiari, penye maji ya mita kumi au zaidi, wenzenu wakiwa karibu na boti ya injini. Kwenye maji mafupi ncha ya mlingoti huchoma tope na kunasa.

Hesabuni watu, semeni majina. Kaa na chombo: hata kikiwa kimelala kinaelea na kinaonekana kwa mbali, kichwa cha muogeleaji hakionekani. Shukeni majini upesi kutoka upande wa mlingoti. Kila kilo inayoning'inia kwenye boriti au tanga inasaidia chombo kigeuke kichwa chini.

Fungua kamba zote mbili za matanga, ziwe huru kabisa. Ukisahau hili, kitainuka na kuondoka bila nyinyi, au kitainuka na kulala upande wa pili. Kisha mmoja aende karibu na omo, uzito wake uzungushe chombo mpaka omo itazame upepo. Simameni wote kwenye bodi ya chini, mrushe kamba ya kuinulia ipite juu ya bodi ya juu, mlegeze miili nyuma, magoti yamenyooka, makalio karibu na maji. Msivute kwa mikono. Vuteni kwa uzito na kungoja. Inaweza kuchukua dakika moja nzima kabla tanga halijaachia maji, halafu kila kitu kinakuja kwa mkupuo. Bodi ya juu ikianza kushuka, shukeni majini katikati na mshike nguzo ya mbele, chombo kisipinduke tena.

Kwa ukubwa huu mnahitaji kilo 130 hadi 140. Mkiwa wawili wepesi, chukueni ndoo ya lita 20 yenye kamba: ijazeni, mmoja aibebe mgongoni akiwa ameegemea nyuma. Ndoo ikiwa bado ndani ya ziwa haisaidii kitu, maji ndani ya maji hayana uzito. Lazima iwe hewani.

Kimegeuka kichwa chini kabisa? Simameni kwenye bodi ya demani, vuteni kamba iliyopita bodi ya joshi. Upepo ukishaingia chini ya turubai, kitambaa kilichotandazwa kati ya bodi mbili, unawasaidia kukilaza ubavu, kisha endeleeni kama mwanzo. Na ufukweni baadaye tikisa mlingoti: ukisikia maji yakicheza ndani, plagi zake zimeachia. Mlingoti unaoingiza maji ndio unaogeuza chombo kichwa chini. Ziba kwa silikoni, acha siku nzima ikauke.

Kinakuwa kizito kadiri saa zinavyokwenda

Maji ndani ya bodi. Kikirudi, inua omo, fungua vizibo vya tezi, pima kinachotoka. Kikombe kimoja kila bodi ni kawaida. Lita tatu au zaidi kwa saa moja, tafuta tundu.

Kizibo chenyewe huwa mshtakiwa wa kwanza, na mpira wake wa shilingi mia tano huwa umepasuka. Kizibo kikiwa kizima, paka maji ya sabuni kwenye maungo yote, hasa palipo mfuniko na mahali nguzo zinapoingia, kisha mtu apulize kwa mdomo kupitia bomba dogo kwenye tundu la kizibo. Mapovu yanaonyesha tundu. Kwa mdomo, si kwa kompresa ya matairi. Kompresa itapasua bodi.

Kuna chanzo ambacho huwachanganya watu: bodi haina tundu la kuonekana lakini inaingiza maji. Imelala juani saa sita, hewa ndani imekuwa moto. Mnaisukuma kwenye ziwa la nyuzi 26 za Selsiasi, hewa inasinyaa, na bodi inafyonza maji kwa kila upenyo mwembamba. Tazama kama kitundu cha kupumulia cha bodi kimeziba, kizibue kwa waya mwembamba. Na acheni vizibo wazi chombo kikiwa juani, muvifunge dakika ya mwisho. Mvifunge kweli, kuvisahau ni lalamiko jingine.

Bonyeza pia faiba kwa kidole gumba mbele ya nguzo ya mbele. Pakibonyea, au ukigonga sarafu ukapata mlio mfu badala ya mlio mkali, tabaka zimeachana. Bodi hiyo isitoke siku ya mawimbi mpaka fundi wa boti za faiba aitazame.

Upepo umekata

Ni ile saa ya katikati ya asubuhi na mchana, na haina dawa. Shusheni tanga dogo, pigeni kasia mkiwa mmekaa mbele, mmoja kila bodi. Acheni njia ya boti zinazokwenda Kibirizi na ya meli zinazoingia bandarini. Wao hawawezi kusimama, nanyi hamuwezi kukimbia.

Kutua ufukweni kunavunja usukani

Upepo wa mchana unasukuma moja kwa moja mchangani, kwa hiyo ukija na matanga yote unakuja kwa kasi ya pikipiki. Mita 50 kabla ya ufuko, geuza omo kwenye upepo, teremsha tanga kuu, ingia kwa tanga dogo tu. Maji yakifika kiunoni achia tanga dogo, inua mbao zote mbili za usukani, ruka upande wa joshi, shika chombo kwenye nguzo ya mbele. Asiruke mtu upande wa demani, bodi yenye mawimbi nyuma yake itampitia.

Miaka ya karibuni ziwa limepanda likameza miti, kuta na ngazi za zamani, na visiki vingine viko nusu mita chini ya maji. Tembea kwa miguu pale unapotaka kutua kabla hujaanza safari, weka dumu kama alama. Uliza pia kuhusu mamba na viboko, hasa karibu na midomo ya mito. Na kwa kuwa utakuwa umesimama majini kila siku, kapime kichocho kituo cha afya baada ya miezi miwili au mitatu. Dawa yake ni vidonge, na kuchelewa ndiko kunakodhuru.

Chombo kikishafika, vizibo vifunguliwe, tanga likaushwe kabla ya kukunjwa, na omo ifungwe kwenye mti wenye mizizi. Upepo wa usiku unashuka kutoka milimani, na kilo 145 haziupi shida.